Kwa Nini Macho ya Mdogo Wangu Yalikuwa ya Manjano

Nyumbani kwetu ni upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe, nami nasoma hapa Kibaha na kulala bwenini. Kwa hiyo watu wangu nawaona wakati wa likizo tu, na kila nirudipo huyaona yale ambayo wao wameyazoea kwa kuyaona kila siku. Likizo ya Desemba, nilipokuwa Kidato cha Tatu, kitu cha kwanza nilichokiona ni macho ya mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka mitano. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano kama nyama ya embe.

Nilimwuliza mama. Akanijibu kwamba hali hiyo huja na kuondoka. Mara nyingi mtoto alipelekwa zahanati akapewa dawa ya malaria, na mara mbili alilazwa akaongezwa damu. Lakini majirani walikuwa na majibu yao. Wengine walisema ini la mtoto limeoza. Wengine walisema ni homa ya manjano, kana kwamba homa hiyo huweza kuja na kuondoka kwa miaka mitano. Na wengine, ambao hawakusema mbele yetu, walisema kwamba bibi yangu ndiye anayemla.

Bibi ni mzee, macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, na anaishi peke yake katika nyumba ndogo ya uani. Kwa watu wa fikira hizo, ushahidi huo watosha. Siku moja nilimkuta amekaa barazani akisuka ukili, na mdogo wangu hayupo ubavuni pake kama ilivyo desturi. Nikamwuliza mtoto yuko wapi. Akajibu bila kuinua uso, "Wamemkataza kuja kwangu."

Naungama kwamba sikuwa na neno la kumwambia. Nilikuwa nimepata alama nzuri katika Biolojia. Niliweza kuchora seli na kuandika majina ya sehemu zake zote, lakini sikuweza kumweleza bibi yangu kwa nini macho ya mtoto yamegeuka manjano. Nilirudi shuleni mwezi wa Januari nikiwa na swali hilo moja kichwani.

Mwalimu wetu wa Biolojia aliniruhusu kusoma jioni katika chumba cha maabara, kwenye vitabu vyake na kwenye kompyuta. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba manjano ni dalili, wala si ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Zikifa, ule wekundu wake huvunjwa, na katika mabaki yake hupatikana kitu cha rangi ya manjano kiitwacho bilirubini. Kazi ya ini ni kukipokea kitu hicho, kukitengeneza, na kukimwaga katika nyongo ili kitoke pamoja na choo. Basi macho huwa ya manjano kwa moja ya sababu mbili kubwa: ama ini na njia zake zimeshindwa kazi, ama ini ni zima lakini linaletewa mzigo kupita kiasi. Mimi, kwa haraka ya ujana, niliishika sababu ya kwanza nikaiacha ya pili.

Nikasoma habari za ugonjwa mmoja wa ini unaowapata hata watoto wachanga. Chanzo chake si pombe wala virusi, bali ni protini iliyokunjwa vibaya. Ili msomaji anielewe, hapana budi nirudi kwenye ukili wa Bibi.

Kila mtu wa pwani amepata kumwona mwanamke akichana miyaa na kusuka ukili mpaka ukawa mrefu wa pima nyingi. Lakini ukili si mkeka bado, wala si kikapu. Lazima uzungushwe na kushonwa, upate umbo, na ni umbo hilo linaloupa kazi. Protini nayo ni hivyo hivyo. Hutengenezwa kama mnyororo mrefu wa vipande viitwavyo asidi amino, kisha mnyororo hujikunja ukapata umbo lake. Usipopata umbo lake hauwezi kufanya kazi yake.

Protini moja itengenezwayo na ini huitwa alfa-1 antitripsini. Ina asidi amino 394. Ini huimwaga katika damu, nayo huenda mpaka mapafuni kuyalinda yasiharibiwe na vimeng'enya vya chembe nyeupe za damu. Sasa, wako watu waliozaliwa na kosa moja tu katika mnyororo huo. Mahali pa 342, palipopasa kuwa na asidi glutamiki, pana lisini. Kipande kimoja katika 394! Lakini kwa kosa hilo protini haijikunji vizuri. Mwaka 1992, David Lomas na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba ulimi wa protini moja huingia katika ufa wa nyingine, na ya pili katika ya tatu, mpaka zikafungamana kama mlolongo. Karibu sehemu 85 katika kila 100 za protini hiyo hukwama ndani ya seli za ini. Hivyo mapafu hukosa mlinzi wake, na ini huelemewa na mzigo usiotoka.

Je, seli hukaa tu ikitazama? La. Hapa ndipo nilipoacha kuandika nikabaki kusoma tu, hata kengele ya kulala ikanikuta palepale.

Kwanza, katika chumba cha seli ambamo protini hizi hukunjwa wamo wasaidizi, ambao nao ni protini. Wao huushika mnyororo uliokosea na kuupa nafasi ya kujikunja upya. Pili, ule usiotengenezeka hutolewa nje ya chumba, hutiwa alama iitwayo ubikuitini, kisha hukatwakatwa katika mtambo mdogo uitwao proteasomu, na vipande vyake hutumika tena. Kwa kuigundua kazi ya alama hiyo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Tatu, zile protini zilizokwisha kufungamana kuwa mabonge haziwezi kupita katika mtambo huo. Basi seli hulizungushia bonge utando kama mfuko, ikalipeleka kwenye laisosomu, mahali penye vimeng'enya vikali, likayeyushwa humo. Kazi hiyo huitwa autofajia, maana yake kujila mwenyewe. Neno hilo lilitungwa na Christian de Duve wa Ubelgiji mwaka 1963, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni hili. Nchini Sweden, kati ya mwaka 1972 na 1974, watoto wachanga 200,000 walipimwa damu. Zaidi ya 100 wakaonekana kuwa wamerithi kosa hilo kwa baba na kwa mama pia. Mtu angedhani kwamba wote wataugua ini. Walakini ni kama mmoja tu katika kila kumi aliyepata manjano ya muda mrefu, na wengi wao waliendelea kukua vizuri. Kosa ni lile lile, mbona mmoja augue na tisa wapone? Wataalamu walipochukua seli za watu wa namna zote mbili na kuzitazama, waliona kwamba seli za wale waliougua zilikuwa nzito zaidi katika kuondoa protini mbovu. Basi mtu haugui kwa sababu ya kosa peke yake. Yategemea pia jinsi seli zake zinavyolishughulikia kosa hilo.

Nilimwendea mwalimu kwa furaha nikamwambia kwamba nimeujua ugonjwa wa mdogo wangu. Alisoma maandishi yangu mpaka mwisho, kisha akasema, "Umesoma vema, lakini umefunga hesabu kabla ya kujumlisha."

Akanieleza kwamba ugonjwa huo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, na kwetu ni nadra sana. Waliougundua upungufu wa protini hiyo ni Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson wa Sweden, mwaka 1963. Walikuwa wakitenganisha protini za damu kwa umeme, wakaona kwamba katika damu ya watu wachache mstari mmoja haupo. Mwalimu akacheka kidogo akasema, "Mwaka huo huo wa 1963, Sweden na jirani zake Denmark, Finland na Norway walipatana na Tanganyika kujenga kituo cha elimu hapa Kibaha. Nyumbani kwao walikuwa na protini yao, na huku walikokuja kujenga watu walikuwa na yao. Sasa niambie, ile sababu yako ya pili ya manjano umeitia wapi?"

Nikanyamaza. Akaniuliza maswali matatu. Je, mtoto amepata kuvimba vidole vya mikono na miguu alipokuwa mchanga? Je, hulia usiku kwamba mifupa inamwuma? Je, amepata kupungukiwa damu zaidi ya mara moja? Nikakumbuka vidole vyake alipokuwa na mwaka mmoja, vilivyovimba vikang'aa, na mama akavikanda kwa maji ya moto akidhani ni baridi. Nikajibu ndiyo mara tatu. Mwalimu akasema, "Mimi si daktari. Mwambie baba yako ampeleke hospitali, akapimwe selimundu."

Selimundu ni ule ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Inakadiriwa kwamba katika Tanzania watoto kiasi cha 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, na nchi yetu ni moja ya zile zenye wagonjwa wengi kabisa duniani. Nao ni ndugu wa ule ugonjwa wa ini niliousoma. Himoglobini, protini ya wekundu wa damu inayobeba oksijeni, ina minyororo ya namna mbili, na mmoja wake una asidi amino 146. Mwaka 1957 Vernon Ingram, naye akiwa Cambridge, alionyesha kwamba kwa wagonjwa hawa, mahali pa sita palipopasa kuwa na asidi glutamiki, pana valini. Tazama, ni asidi ile ile iliyopotea kule kwenye ini! Himoglobini hii haikukunjwa vibaya kwa hakika. Imepata umbo lake, ila ina mahali panaponata. Ikishatoa oksijeni hushikana moja na nyingine, zikafanya nyuzi ngumu, na chembe nyekundu iliyo mviringo ikapindika kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu ya mifupa.

Tofauti kubwa ni hii. Seli ya ini ina kiini, ina chumba cha kukunjia, ina wasaidizi na mitambo ya kuondoa taka. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini tena, wala haina chumba cha kutengenezea protini mpya. Imejazwa himoglobini ikatumwa safarini, kama lori lililopelekwa safari ya mbali bila utingo wala vifaa. Likiharibika njiani, hakuna wa kulitengeneza. Kwa hiyo chembe za mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 mpaka 20 badala ya 120. Zinakufa kwa wingi, bilirubini inakuwa nyingi mno, na ini lililo zima linashindwa kuimaliza kwa wakati. Hapo ndipo macho yanapokuwa ya manjano. Ini la mdogo wangu lilikuwa halijaoza. Lilikuwa likifanya kazi ya maini mengi.

Nilimwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kumpigia baba simu. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Tutakwenda." Wakaenda, na jibu likawa kama mwalimu alivyohisi.

Likizo ya Juni nilipofika nyumbani sikwenda kwanza kwa mama, nilikwenda uani kwa Bibi. Alikuwa akisuka. Akanitania kama kawaida yake, "Karibu, mume wangu. Umenikumbuka leo?" Nikaketi, nikauomba ukili wake. Nikamwonyesha mahali pamoja nikamwambia, "Bibi, kama hapa chane moja ingepita juu badala ya chini, ungefanyaje?" Akasema, "Ningefumua." "Na kama haufumuliki?" "Ningekata." "Na kama ungekuwa umekwisha uuza?" Akacheka. "Hapo tena basi. Aliyenunua atajua mwenyewe."

Nikamwambia kwamba damu ya mjukuu wake ni kama ukili uliokwisha uzwa. Nikamweleza yote, polepole, kwa maneno ya nyumbani. Alisikiliza bila kusuka. Mwisho akaniuliza, "Na hilo kosa limetoka kwa nani?"

"Nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kila mmoja anayo nusu moja na haimdhuru. Mtoto alipata zote mbili."

"Na mama yako alilipata wapi?"

Nilisita. "Kwa mmoja wa wazee wake," nikasema.

Bibi akatazama mikono yake. "Basi walisema kweli," akasema. "Limetoka kwangu."

Msomaji, katika mitihani yote niliyofanya sijapata swali gumu kama maneno hayo. Nikashukuru kwamba nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja zaidi. Nikamwambia habari za Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, ambaye mwaka 1954 alitangaza kwamba mtoto mwenye nusu moja ya selimundu amekingwa na malaria kali kuliko asiye nayo. Ndiyo sababu nusu hiyo imekuwa nyingi katika nchi zenye mbu kama hizi zetu. Waliokuwa nayo walipona, wakakua, wakazaa. Nikasema, "Bibi, kama ilitoka kwako, basi yamkini ndiyo iliyokuponya malaria ulipokuwa mtoto. Isingekuwapo, pengine mama asingezaliwa, wala mimi nisingekuwa hapa kukusumbua."

Hakujibu kitu. Akautwaa ukili wake kwangu akaendelea kusuka. Lakini jioni ile baba alimwita mjomba na wazee wawili wa jirani, akawasomea karatasi ya hospitali mbele ya watu wote, akasema kwamba kosa limetoka kwake na kwa mkewe, na mwenye neno jingine aliseme pale pale. Hakuna aliyesema. Asubuhi nilimkuta mdogo wangu barazani kwa Bibi akichezea mabaki ya miyaa.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mambo yamekwisha. Mdogo wangu hunywa dawa iitwayo haidroksiurea, ambayo huuamsha mwili utengeneze himoglobini ya namna ile ya kitoto isiyonata. Hulala ndani ya chandarua kila usiku, maana kwa mwenye nusu mbili malaria ni hatari kubwa. Hunywa maji mengi na huenda kliniki kwa tarehe zake. Bado yako majira ambapo macho yake hugeuka manjano, na usiku mwingine hulia. Na kwa wale wagonjwa wa ini wa kule Ulaya, mwaka 2022 zilitangazwa habari za wagonjwa 16 waliojaribiwa dawa inayolizuia ini lisiitengeneze ile protini mbovu, na mabonge katika maini yao yakapungua. Seli ikisaidiwa hufanya mengi.

Mimi nami nilipimwa likizo ile ile. Ninayo nusu moja. Sina ugonjwa, wala sitaugua, lakini nikimwoa mwenye nusu kama yangu, kila mtoto wetu atakuwa na bahati moja katika nne ya kuwa kama mdogo wangu. Wenzangu wa bwenini walinicheka kwamba nitakuwa nikiwaomba wasichana cheti cha hospitali kabla ya kuwaomba jina. Na wacheke. Wawili kati ya waliocheka wamekwisha kwenda kupimwa.

Wazazi mnaosoma gazeti hili, mtoto akiwa na macho ya manjano, au akivimba vidole, au akipungukiwa damu mara kwa mara, mpelekeni akapimwe kabla ya kumtafuta mchawi. Kwetu sisi karibu tumpoteze Bibi akiwa hai bado. Nasi wanafunzi wenzangu, tunaposoma sura ya seli tukidhani ni ya mtihani tu, tukumbuke kwamba huenda yuko mtu nyumbani amekaa barazani peke yake, akingoja turudi na maelezo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne